Mlango nilioupita mara nne

Juzi kijana mmoja kaniandikia kutoka nyumbani. Anaingia mchujo wa chama, hana hela, mpinzani wake ana magari sita na fulana za kugawa. "Dada, nitatoboa kweli?" Siku tatu nimeshindwa kumjibu, maana amenitonesha kidonda.

Mwaka 2016, hapa Minnesota, Marekani, kwenye mchujo wa chama cha Democratic wa kumpata mgombea urais, nilimchangia Bernie Sanders dola 27. Huo ndio uliokuwa wastani wa mchango wake na tuliuimba kama wimbo. Hillary Clinton alikuwa na wafadhili wazito na vigogo wa chama, lakini jimbo hili tulimshinda. Sanders alichukua majimbo 22. Tiketi ikaenda kwa Clinton, nami nikalia.

2020 nikarudi kumpigia Sanders kampeni, kwa kujitolea, bila kulipwa hata senti. Nilipewa nyumba za kubisha hodi Brooklyn Park, mji wenye Waliberia wengi na Wakenya wenzangu. Baridi ya Februari iligandisha wino kwenye kalamu, tukawa tunaandika kwa penseli. Kila runinga niliyoikuta imewashwa, Michael Bloomberg yumo. Bilionea huyo, naye akiitaka tiketi, alimwaga takriban dola bilioni moja za mfukoni mwake, na Jumanne Kuu, 3 Machi, siku majimbo mengi yanapopiga kura za mchujo kwa pamoja, akashinda visiwa vya American Samoa peke yake! Kesho yake akajitoa. Naisema hii kwa fahari: pesa tuliigaragaza.

Ila sisi pia tuligaragazwa, na si kwa pesa. Jumamosi ya 29 Februari Joe Biden, ambaye kampeni yake ilikuwa imekaukiwa hela, alishinda jimbo la South Carolina kwa kishindo baada ya Jim Clyburn, mbunge mkongwe wa huko, kusimama naye hadharani. Wagombea wenzake, Pete Buttigieg na Amy Klobuchar, wakajitoa, wakamuunga mkono.

Jumatatu nikabisha hodi kwa mama mmoja Mliberia. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipandishia zipu ya koti kama mama yangu, akasema, "Mwanangu, Biden tunamjua. Wewe ndiyo leo nakuona." Nyumba ya jirani yake nilikuwa nimeshaenda mara nne, kwa sababu vijana wa pale walikuwa wetu tayari na chai haikukosekana. Orodha yangu yote ilikuwa hivyo. Jumanne Biden akachukua Minnesota, jimbo ambalo hakulifanyia kampeni ya maana.

Basi mdogo wangu, magari sita yasikutishe. Yanabeba watu, hayabebi imani yao. Lakini usijidanganye na umati unaokushangilia, wala na michango midogo midogo. Wanaokupenda wana kura moja moja tu, hata ukiwatembelea mara kumi. Nenda kwa wazee wanaosikilizwa, nenda mapema, kabla hujawa na la kuomba. Kaa, sikiliza, rudi tena.

Anza na jirani wa yule rafiki ambaye hukosi kwake kila wiki.