Kibao kunywea ghafla kwenye Breakout

Kaka, umeuliza kwa nini kibao chako cha kupigia mpira kinabaki nusu ghafla kwenye Breakout, ule mchezo wa video wa kuvunja ukuta wa matofali kwa mpira. Mashine haijaharibika. Atari, kampuni iliyoutengeneza, waliupanga mchezo hivyo tangu 1976: mpira ukipenya safu nyekundu ya matofali na kugonga ukuta wa juu, kibao kinakatwa nusu. Kasi nayo hupanda ukishaupiga mara 4, kisha mara 12, na ukigusa matofali ya chungwa au mekundu.

Usihangaike kufyeka ya njano, pointi 1 tu. Toboa pembeni kabisa, mpira upande ubaki ukidundadunda huko juu wenyewe. Kila tofali jekundu lina pointi 7. Wewe tuliza mkono, maana mpira ukirudi chini unakuja kama jiwe la manati! Ukifika pointi 896 umemaliza kuta zote mbili, ukuta wa tatu haupo.