Wikiendi ya Matope: Upepo wa Tairi, Vivuko na Kamba

Msafara wa magari ya kuendesha magurudumu yote manne ukikwama kwenye tope la kwanza tu la asubuhi, watu huanza kulaumu injini, au dereva mgeni, au mvua yenyewe. Shuka ukaangalie matairi. Aghalabu utayakuta bado yana upepo wa lami, psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 33 au 35, yamekaa juu ya tope kama kisigino kirefu cha kiatu: uzito wa gari umebanwa mahali padogo, na kila yakizunguka yanachimba. Punguza hadi 20, tairi lile lile linalala, alama yake ardhini inarefuka, na mara nyingi gari lililokuwa limegoma linatoka lenyewe. Kwa hiyo upepo utolewe pale lami inapoishia, magari yote kwa pamoja, kabla hajakwama mtu. Ukingoja ukwame ndipo utoe, utakuwa unapapasa valvu iliyozama topeni.

Kwa gari la tani mbili na nusu hivi, lenye matairi ya kawaida ya njia zote, psi 20 hadi 22 inatosha kwa tope na mawe yenye utelezi. Hali ikibana, shuka hadi 18. Chini ya 15 ni ya kujinasulia tu, mita chache, usukani ukiwa umenyooka. Ukikata kona hapo, ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu, na kuurudisha huku mvua inakupiga mgongoni ni adhabu. Pima matairi yakiwa ya baridi, maana yakishakimbia lami hupata moto na kipimo kinasoma psi 3 au 4 zaidi. Ukishapunguza upepo, mwendo nao upungue: kwenye 18 usizidi kilomita 40 kwa saa, kwa sababu kuta za tairi laini hujikunja kila mzunguko, zinapata moto, na mwisho wake zinapasuka. Kompresa ya kujazia wakati wa kurudi ijaribiwe nyumbani. Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara zina tabia ya kuunguza fyuzi. Bora ile inayobanwa kwenye betri yenyewe, injini ikiwaka.

Habu za mbele, yaani vifungio vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na ekseli, kama ni za kufunga kwa mkono, zifungwe wakati huo huo wa kutoa upepo. Hakuna anayependa kupiga magoti topeni baadaye. H4 (magurudumu manne kwa gia za kawaida) iingie kabla ya utelezi kuanza, L4 (magurudumu manne kwa gia za chini, zenye nguvu na mwendo mdogo) iingizwe gari likiwa limesimama na gia ikiwa nyutro. Loku ya difu ya nyuma, ile inayofunga gia za katikati ya ekseli ili magurudumu mawili yazunguke pamoja, ni dawa inayogeuka sumu kwenye njia iliyolalia upande: magurudumu yote mawili ya nyuma yakiteleza kwa pamoja, mkia wa gari unaelekea bondeni. Iwashe unapoihitaji, izime ukishapita.

Sasa tope lenyewe. Gia ya kwanza ya L4 ina nguvu nyingi mno kwa udongo laini. Tairi linazunguka papo hapo, linajaa udongo, linabaki laini kama chupa. Chagua ya pili au ya tatu, ingia kwa mwendo utakaokufikisha ng'ambo, na ushike mafuta mahali pamoja. Mwendo ukianza kufa, tikisa usukani kulia na kushoto, kama robo mzunguko kila upande, ili mabega ya tairi yapate udongo mpya wa kung'ata. Gari likisimama, achia mafuta hapo hapo. Wikiendi nyingi huharibikia hapa. Sekunde kumi za kukanyaga mafuta kwa hasira zinatosha kulitoa gari kwenye kukwama kwa magurudumu na kulikalisha tumbo.

Tofauti hiyo ina hesabu yake. Mafunzo ya jeshi la Marekani ya kunasua magari yanakadiria hivi: gari likizama kina cha magurudumu, ukinzani wa tope ni sawa na uzito wa gari, likizama hadi madigadi, ni mara mbili, hadi kwenye kibini, mara tatu. Gari la tani 2.5 lililohitaji tani 2.5 sasa linadai tani 5, na winchi (mashine ya kuvutia, yenye roli ya waya) iliyozoeleka kwenye magari haya ni ya ratili 9,500, yaani kama tani 4.3. Nazo hizo tani 4.3 unazipata tu waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza kwenye roli. Roli ikiwa imejaa waya, nguvu inapungua sana.

Kwenye mifereji iliyochimbwa na matairi ya waliotangulia kuna mtego ambao hata wazoefu hunasa. Gari linafuata mfereji bila kujali usukani umeuelekeza wapi, nawe unaendelea kudhani umenyoosha. Mfereji ukiisha, matairi yanashika ghafla na gari linaruka upande yalikoelekea, pengine kwenye mti. Toa kichwa dirishani utazame tairi la mbele. Vidole gumba viwe nje ya usukani, visizungushiwe ndani yake, maana jiwe moja likipiga tairi usukani unaweza kukuvunja kidole.

Mlima ukikushinda katikati, usijaribu kugeuza. Gari lililokaa ubavu kwenye mteremko wa utelezi halina mengi ya kufanya zaidi ya kubiringika. Shika breki, ingiza rivasi ya L4, achia klachi yote kisha breki taratibu, urudi ulikotoka kwa njia ile ile huku injini ndiyo inayoshikilia. Usikanyage klachi wakati wa kushuka. Breki nazo ziguswe kidogo kidogo. Gurudumu la mbele likijifunga, usukani unakuwa pambo. Na gari linalofuata lisiingie mlimani hadi la mbele lifike juu na dereva wake aseme redioni kwamba amepita.

Vivuko vinastahili subira kuliko kitu kingine chochote. Kivuko ulichokipita Jumamosi asubuhi siyo utakachokikuta Jumapili, hata kama hapo ulipo halijaanguka tone, kwa sababu maji yanatoka juu mtoni. Mkishavuka, chomekeni kijiti pale maji yanapogusa ukingo. Mtu akitazame kila baada ya muda. Kijiti kikishazungukwa na maji, ratiba ya kurudi imebadilika, na ni heri kulijua hilo saa kumi jioni kuliko gizani. Kambi nayo iwe juu, mbali na mkondo mkavu hata kama mchanga wake unaita.

Kina hupimwa kwa miguu na fimbo, mwingine akiwa ukingoni anatazama. Ikiwa mkondo una nguvu hata mtu anaogopa kuingia, jibu mmeshalipata. Gari nalo lisiingie. Huduma ya hali ya hewa ya Marekani huonya kwamba maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 hivi yanaweza kubeba gari dogo, na 60 yanabeba hata magari makubwa na pikapu. Kile kina cha kwenye vitabu vya watengenezaji, kwa mfano milimita 900 za Land Rover Defender ya sasa yenye springi za hewa, ni cha maji yaliyotulia, juu ya sakafu ngumu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wengi husoma namba hiyo wakaruka masharti.

Kabla ya kuingia, pumzisha gari dakika kumi. Difu iliyotoka kufanya kazi ina moto. Ikiguswa na maji baridi, hewa iliyo ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili iliyochoka. Kipumulio hicho ni kikofia kidogo juu ya ekseli, na mpira wa kukirefusha hadi chumba cha injini ni kazi ya saa moja kwenye karakana. Funga turubai mbele ya grili ikiwa maji yatafika kwenye bampa, ili feni isipigane na maji na mapanga yake yakapinda kuelekea kwenye redieta. Ingia kwa gia ya pili ya L4, taratibu, hadi ujenge wimbi mbele ya bampa, kisha ulifuate bila kulipita. Usibadilishe gia katikati. Ukitoka, kanyaga breki kidogo huku unatembea hadi uzisikie zimerudi kushika.

Injini ikizima majini, mkono usiguse swichi. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na ukawasha, kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Vuteni gari nje kwanza, fungueni filta ya hewa. Ikiwa imelowa, ondoeni plagi, au kwa dizeli zile plagi za kupasha joto, ndipo mzungushe injini iteme maji yaliyomo.

Kuvutana ndiko kunakojeruhi watu. Mtu mmoja tu aongoze, kwa ishara za mikono zilizokubaliwa asubuhi. Wengine wote wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na wasisimame kwenye mstari wake. Anzeni na beleshi kabla ya kamba. Chimbeni mbele ya kila gurudumu, na chini ya difu kama imekaa juu ya udongo, kwa sababu robo saa ya kuchimba inaweza kupunguza nusu ya nguvu itakayohitajika. Tope zito pia hufyonza tairi kama kiatu kilichozama. Linyanyue kwa jeki iliyokaa juu ya ubao mpana, hewa ipite chini, kisha usukumie mbao za kujinasulia zile zenye meno. Magari mengi yangeishia hapo, lau watu wasingekuwa na hamu ya kuona kamba ikifanya kazi.

Kamba zenyewe ni za aina tofauti na zinachanganywa vibaya. Kamba ya kunyumbulika hurefuka hadi asilimia 30 hivi na imetengenezwa kwa ajili ya kuvuta kwa mruko. Mkanda wa kuvutia gari bovu haurefuki, na ukiuvuta kwa kishindo kinachokatika ni mkanda au chesisi. Nguvu ya kukatika ya kamba ya kunyumbulika iwe kama mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari lililo jepesi kati ya yale mawili, pamoja na mizigo. Ikiwa na nguvu kupita kiasi hainyumbuki, inageuka waya. Anayevuta aache ulegevu wa mita mbili hivi, aondoke kwa upole kwa gia ya pili ya L4, na aliyekwama naye asaidie kwa mafuta kidogo. Gari lisipotoka mara mbili, chimbeni tena. Kuongeza mwendo siyo suluhisho.

Ndoano na vifungio viwe vimefungwa kwenye chesisi kwa bolti za kutosha. Kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela kisiguswe kabisa: kikikatika kinaruka na kamba kama risasi, na watu wameshauawa nacho, wengine wakiwa wamekaa ndani ya gari. Vile vitundu vidogo vya kufungia gari melini navyo siyo vya kuvutia. Shakeli ya chuma, yaani pingu ya kuunganishia kamba, iwe na tani zake zimechorwa mwilini, 3.25 au 4.75, isiyo na maandishi iachwe kwenye sanduku la vifaa. Skurubu yake ikazwe hadi mwisho kisha irudishwe nyuma robo mzunguko, la sivyo baada ya kuvuta utaifungua kwa nyundo. Msiunganishe kamba mbili kwa shakeli ya chuma katikati.

Winchi ina adabu zake. Mti ufungwe kwa mkanda mpana, chini karibu na mizizi. Bakizeni mizunguko mitano ya waya kwenye roli, au minane hadi kumi ikiwa ni kamba ya nyuzi. Juu ya waya tandika koti zito au mfuko wenye udongo, ili ukikatika udondoke badala ya kupiga. Puli (gurudumu la kupitishia waya) moja mbele, waya ukirudi kwenye gari lenyewe, inakaribia kuzidisha nguvu mara mbili na kupunguza mwendo nusu. Kwa tope zito ndiyo njia ya kwanza. Injini iwake muda wote, kwani winchi iliyolemewa inaweza kunywa zaidi ya ampea 400, na betri peke yake haifiki mbali.

Kuhusu msafara, machache: kila dereva anawajibika na gari lililo nyuma yake, ukikata kona subiri hadi ulione. Gari lenye vifaa vya kunasulia liwe la pili au la mwisho, lisitangulie. Dimbwi lipitwe katikati. Wanaolizunguka wanatengeneza njia ya pili, kesho ya tatu, na maji ya mvua yanageuza zote kuwa korongo.

Jumatatu ndiyo siku ya fundi hata kama gari halilalamiki. Chomoa bolti ya kujazia oili kwenye kila difu, ingiza kidole: ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwagwe siku hiyo hiyo kabla ya beringi kuanza kula kutu. Usukani ukitetemeka kwenye kilomita 80, usikimbilie balansi. Kwanza safisha tope lililokauka ndani ya rimu. Osha redieta kutoka upande wa injini kwenda mbele, bila shinikizo kubwa, mapezi yake yasilale. Fungua madramu ya breki za nyuma, piga grisi kwenye kila nipeli ya propela shafti hadi ile ya zamani itoke. Kamba ya kunyumbulika ioshwe kwa maji matupu na ianikwe kivulini. Mchanga uliojificha ndani yake hukata nyuzi moja moja kila inapovutwa, na kwa nje huoni kitu.