Stima ikipotea katikati ya sasisho

Nilipoanza kazi nilitunza kompyuta 12 za saiba moja pale Kondele, Kisumu, zote zikitumia Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Jioni moja mvua ilishuka na radi zake, stima ikapotea nikiwa katikati ya `sudo apt upgrade`, amri ya kusasisha programu zote. Iliporudi, apt ikaniambia kuna kufuli, yaani programu nyingine imeshika kazi ya kusakinisha. Nikafuta mafaili yote ya kufuli, nikaendelea. Kumbe mashine ilipowaka tu, ilikuwa imeanza kujisasisha yenyewe kimyakimya. Programu mbili zikaandika kwa pamoja kwenye orodha moja ya dpkg, msakinishaji anayefanya kazi chini ya apt, na usiku ule sikulala.

Wewe unayeanza, lielewe vizuri jambo hili la kufuli. Faili la `/var/lib/dpkg/lock-frontend` huwa lipo siku zote, hata kama hakuna anayelitumia. Kufuli lenyewe hushikwa na programu inayoendelea na kazi, nayo ikifa, kufuli huachiliwa papo hapo. Kwa hiyo stima ikishapotea na kurudi, hakuna kufuli lililobaki kutoka jana. Ukiambiwa lipo, kuna mtu kalishika sasa hivi. Mtafute kwa `sudo lsof /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Mara nyingi utamkuta unattended-upgrades, yule anayesasisha mashine yenyewe kimyakimya, na dawa yake ni kumsubiri amalize. Nenda ukanywe chai.

Baada ya hapo, kumbuka kwamba apt hupakua tu na kupanga. Anayefungua vifurushi vya programu na kuvisanidi, yaani kuviweka tayari kutumika, ni dpkg, naye huandika kila hatua aliyofikia. Ndiyo maana `sudo dpkg --configure -a` humalizia vile vilivyofunguliwa bila kusanidiwa. Kisha `sudo apt --fix-broken install` hutafuta vinavyotegemewa vilivyokosekana. Fuata mpangilio huo. Mimi naona amri hizi mbili huponya mashine nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nimeshuhudia diski zikifutwa bure kwa sababu mtu hakuzijaribu.

Zikikataa, usikimbilie mstari wa mwisho wa kosa. Ule unaosema dpkg imerudisha kosa namba 1 haukuelezi kitu. Fungua `/var/log/apt/term.log`, panda juu hadi kosa la kwanza, hapo ndipo penye jina la kifurushi kilichokwama na sababu yake. Mara kwa mara sababu ni nafasi. Piga `df -h` uangalie `/boot` hasa, kwa kuwa keneli (viini vya mfumo) za zamani hujazana humo, na mpya ikikosa pa kukaa sasisho lote huanguka. Jaribu `sudo apt autoremove`. Kama aliyejaa ni mzizi (`/`), `sudo apt clean` huondoa vifurushi vilivyopakuliwa.

Bando ikikatika wakati wa kupakua, hakuna kilichoharibika. Rudia `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade`.

Na ikiwa hata orodha ya dpkg imeharibika kama ilivyonipata mimi, usianze kusakinisha upya. Nakala yake ya awali ipo hapo hapo, `/var/lib/dpkg/status-old`, na nyingine za siku zilizopita zimo ndani ya `/var/backups`. Hifadhi kwanza ile mbovu pembeni, ndipo urudishe nzima.

Seva ya mbali nasasisha ndani ya tmux, programu inayotunza dirisha la amri kwenye seva yenyewe, ili mtandao ukikatika kazi iendelee. Kompyuta za saiba nazisasisha asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika juu ya ziwa.