Cinderella hakimbii saa kumi na mbili

Wadogo zangu waandishi, wiki hii nimepokea miswada minne ya hadithi za kale zilizogeuzwa vichekesho, ya Darasa la Tatu na la Nne. Katika miwili kati yake, Cinderella anachomoka kwenye dansa la mwana wa mfalme saa kumi na mbili kamili usiku. Saa kumi na mbili! Saa hiyo mama wa kambo bado anamenya vitunguu, kuku ndiyo kwanza wanaingia bandani, na huyo mwana wa mfalme hata kuoga hajaoga. Mmetafsiri namba mkasahau saa: "twelve" ya Kizungu, uchawi unapoisha, kwetu ni saa sita usiku.

Nilishika kalamu nyekundu kwa hasira, kisha nikaishusha. Mwaka wangu wa kwanza kazini kosa hilohilo lilipita mikononi mwangu mpaka prufu ya mwisho, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa. Aliyeliona hakuwa mhariri. Ni mzee wa kiwandani, mpiga chapa, aliyekuja na bahasha kwapani akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, huyu binti anawahi futari?"

Basi nimeona niwaandikie, maana mnayarudia makosa yangu yote, moja baada ya jingine, kama mliokabidhiwa orodha.

1. Kabla hujaipindua hadithi, hakikisha msomaji wako amewahi kuiona ikiwa imesimama.

Hili ndilo lililonila pesa, kwa hiyo nivumilieni. Niliandika Kofia Nyekundu yangu, ile hadithi ya Ulaya ambamo binti anamkuta mbwa mwitu kavaa nguo za bibi yake, anamuuliza mbona masikio makubwa, kisha analiwa. Binti wangu alikuwa na maswali mengi kuliko polisi wa usalama barabarani. Anafika kwa bibi, anamkuta mbwa mwitu kitandani kavaa gauni, anaanza: mbona masikio makubwa, mbona macho makubwa, mbona kucha, gauni umenunua wapi, bei gani, walikupunguzia? Mbwa mwitu anachoka, anavua gauni, anatokea dirishani kwenda kutafuta kazi ya heshima. Kurasa 24. Nikawasomea wenzangu ofisini saa ya chai, mmoja akapaliwa na maandazi. Nikajiona nimefika.

Ofisi ilinishauri tukaijaribishe shuleni kwanza. Nikaona wananichelewesha. Nilikuwa nimepokea upatu, nikaomba nichape mwenyewe, nakala 2,000, jalada la kung'aa. Maboksi yalipofika nyumbani ndipo nikaenda shule moja pembezoni mwa mji, Darasa la Tatu, watoto wanne wanne kwenye dawati la wawili. Nikasoma kwa sauti zote: ya bibi, ya binti, ya mbwa. Kwenye gauni walicheka vizuri. Nikajiambia, subirini sasa, utamu unakuja. Nikafika kwenye maswali, pale mwenzangu alipopaliwa.

Kimya. Kimya cha mtihani wa hesabu.

Nikaongeza sauti, wakaanza kunionea huruma. Mvulana mmoja akanyoosha mkono akauliza huyo mbwa ni wa nani. Mwingine akataka kujua kwa nini bibi anaishi peke yake porini, hana watoto? Kisha binti wa dawati la mbele, mwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti, ambaye hakuwa amecheka hata mara moja, akasema: "Madamu, bibi bado yuko kabatini?"

Nikafungua kitabu. Ukurasa wa 9, bibi anajificha kabatini. Nikafunua wa 10, wa 15, wa 20. Nikafika wa 24, binti anakunywa chai na mkate peke yake, mwisho. Bibi sikumtoa. Nakala 2,000, na katika kila moja kuna bibi mzee amefungiwa kabatini.

Ofisini hakuna aliyeliona, kwa sababu sisi sote tuliijua hadithi tangu zamani. Kila nilipoacha pengo, walilijaza wenyewe kichwani: bibi huokolewa, inajulikana. Wale watoto walikuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza. Kwao wao yangu ndiyo ilikuwa Kofia Nyekundu, na ikisimama peke yake ilikuwa hadithi mbovu: mbwa anamkimbia mtoto bila sababu, mtoto anapayuka, bibi anapotea. Wenzangu walikuwa wanachekea tofauti kati ya hadithi mbili. Watoto walikuwa na moja tu, nayo ina bibi kabatini.

Maboksi yalikaa sebuleni miaka miwili. Mume wangu aliyatandikia kitambaa, akaweka televisheni juu. Mengine yakaliwa na mchwa, mengine sikuuliza yalikokwenda. Nikaja kujua siku moja nikiwa stendi, niliponunua karanga za shilingi mia mbili. Nimezimaliza, nikakunjua kikaratasi kutafuta za mwisho, nikakuta maandishi yamelowa mafuta: "Bibi akaingia kabatini, akafunga mlango taratibu."

2. Someni hadithi zenyewe, msipindue katuni. Mfaransa Charles Perrault alipoichapa Kofia Nyekundu mwaka 1697, aliimaliza binti akiwa tumboni mwa mbwa mwitu, basi, zimeni taa. Mwindaji anayempasua mbwa tumbo yumo katika chapa ya ndugu Grimm wa Ujerumani ya mwaka 1812. Na katika Cinderella, boga linalogeuka gari na kiatu cha kioo mnavyovipenda ni vya Perrault. Kwa Grimm boga halipo: kuna mti ulioota kaburini kwa mama, kuna njiwa, kiatu cha mwisho ni cha dhahabu, na dada mmoja anakata kidole gumba cha mguu ili kiingie, mwingine anakata kisigino. Sisemi muwaandikie watoto visigino (ingawa nawahakikishia wataomba mrudie). Nasema mkishajua kwamba kila msimulizi alikata na kushona, mtaacha kuiogopa hadithi, na mtaacha kudhani mmevumbua kitu kwa kubadilisha rangi ya gauni.

3. Bajaji. Kila mwezi naletewa boga lililogeuka bajaji. Mnabadilisha chombo, mnamvika Cinderella kanga, mnamwita Sinde, mnadhani tayari ni Mswahili. Bajaji peke yake haichekeshi, mtoto ameipanda asubuhi. Ichukue sheria ya hadithi uigonganishe na sheria ya mtaani. Dereva alikuwa panya, saa sita usiku atarudi kuwa panya, kwa hiyo anataka nauli yake saa tano na nusu, maana panya hawezi kurudisha chenji. Hapo ndipo bajaji inaanza kufanya kazi. Aliyeniletea hilo ni mmoja wenu, wa mwaka jana, naye nilimkatia kurasa sita nyingine bila huruma.

4. Mbwa mwitu. Nilimwandikia mchoraji wangu "mbwa mwitu mkubwa", hakuuliza, akanichorea mbwa mwitu wa kwetu: mabaka meusi na manjano, masikio ya duara kama vifuniko vya sufuria. Alikuwa sahihi kabisa. Mimi nilikuwa na mnyama wa Ulaya kichwani, wa kijivu, na maneno yangu yote yalisema kijivu. Kila ukurasa maandishi na picha vikagombana. Kwa hiyo muandikieni mchoraji mnyama gani, au tumieni fisi, ambaye ulafi wake hauhitaji utangulizi. Ila kwa fisi, usiku na gauni la bibi, kuweni waangalifu. Ziko sehemu ambako fisi usiku ni mambo ya wachawi, na mtoto hatacheka, ataomba alale kwa mama yake. Mwalimu mmoja alinirudishia mchoro huo akiwa ameugeuza kifudifudi.

Mengine haraka haraka. Kitabu cha kushona kwa pini kina kurasa zinazogawanyika kwa nne, msiniletee 27. Boga likianza kusema, amueni kama "boga likasema" au "boga akasema", mkishaamua shikilieni hadi jalada la nyuma. Mcheke mama wa kambo kwa ubahili wake, si kwa ukambo wake: darasani wamo wanaopikiwa na mama wa kambo, na wanapikiwa vizuri. Kilichomo kwenye picha msikieleze kwenye sentensi. Someni kwa sauti, na mtu mwingine awasomee, mkikunja uso mkate.

Sijui tumefika ya ngapi. Tuseme ya sita.

Kwa nini mnang'ang'ania Ulaya tu? Yule paka wa Perrault mwenye viatu, anayemwozesha bwana wake fukara kwa uongo mtupu, ana ndugu yake Unguja. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapa hadithi ya huyo ndugu mwaka 1870 kama alivyosimuliwa: maskini anachakura jaani, anaokota sarafu ya thumni, badala ya kununua chakula ananunua mnyama, paa. Paa anakwenda kumposea binti wa sultani, anamdanganya sultani kwamba bwana wake kavamiwa na wanyang'anyi njiani, ndiyo maana hana nguo. Uongo uleule wa yule paka! Ila wa kwetu una uchungu: tajiri mpya anamsahau paa akiwa mgonjwa, paa anakufa. Hapo pana kazi kwa mwenye kipaji. Mimi nimejaribu mara tatu kumchekesha yule paa, mwishoni nalia mwenyewe. Chukueni.

Nilichofanikiwa ni Kima na Papa. Kile kisa kila mtoto anakijua: kima yuko katikati ya bahari juu ya mgongo wa papa, anaambiwa anapelekwa kutolewa moyo, anajibu bila kupepesa kwamba moyo kauacha mtini. Mimi nilianzia baada ya hapo. Papa yuko chini ya mkuyu anasubiri moyo, na kila asubuhi kima ana sababu mpya: moyo umefuliwa haujakauka, moyo kaazima jirani, moyo uko kwa fundi. Safari hii nilikwenda shuleni na karatasi za kompyuta tu, hata picha hakuna. Nikasema "Paukwa!", wakaitika, nikataja kima, wakaanza kucheka kabla sijafika popote. Kwenye moyo uko kwa fundi, mmoja alianguka kwenye dawati.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa hesabu akanipigia simu. Hakusalimia vizuri. Alikuwa amekusanya madaftari ya zoezi la nyumbani, nusu ya darasa hawana.

"Wote wanasema wameyaacha mtini," akasema. "Sasa wewe ndiye uje uwapandishe wakayachukue."