Koromeo la mbuzi la Ijumaa: ushauri kwa wenzangu wa usingizi

Muuza nyama wa sokoni kwetu ameshazoea. Ijumaa moja kila baada ya miezi mitatu ananiwekea koromeo la mbuzi likiwa na bomba lake la hewa, analifunga kwenye mfuko na wala haulizi. Mara ya kwanza aliuliza: "Dokta, hii ni supu ya nini?" Mimi si daktari, ni muuguzi wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji, katika hospitali ya wilaya, lakini mtaani ukionekana na jezi ya thieta, chumba cha upasuaji, wewe ni dokta tu, na nimechoka kusahihisha.

Koromeo lile ndilo darasa letu la kufungua njia ya hewa shingoni. Tunalifunika kwa plasta pana iwe ngozi, kisha kila mmoja anatafuta kwa kidole ule utando laini ulio chini ya kongomeo. Unachoma kwa bledi namba 10, makali unayageuza yaelekee miguuni, unapitisha bugi, kijiti chembamba cha kuongozea, kando ya bledi, na juu ya bugi unateremsha mpira wa kupumulia namba 6 wenye puto. Ndiyo njia iliyoandikwa na Difficult Airway Society, chama cha Uingereza cha wanaoshughulikia njia ngumu za hewa, katika mwongozo wake wa 2015, kwa yule mgonjwa ambaye mpira umekataa kuingia, maski haipitishi hewa na oksijeni inaporomoka. Miaka kumi na minne kazini sijawahi kulazimika kumkata mtu shingo, na naomba Mungu nistaafu hivyo hivyo. Lakini siku ikija sitakuwa na nafasi ya kufungua simu nitafute picha.

Naandika haya kwa sababu vijana wanaotoka chuo wananiuliza wasome kozi gani ili wasibaki nyuma. Swali hilo nililiuliza na mimi, na kwa miaka mingi nililijibu vibaya. Nilikuwa na faili la vyeti nene kuliko Biblia ya mama yangu, na bado usiku mmoja nusura nimpoteze mama wa watu.

Ilikuwa saa tisa usiku. Mjamzito wa mimba ya pili, mfupi, amechoka na uchungu, mtoto amekwama. Nikamchoma ganzi ya mgongo, mililita 3 za bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, yaani miligramu 15, kama nilivyofundishwa nilipokuwa mwanafunzi na kama nilivyofanya miaka yote. Kwa mjamzito kiasi hicho ni kingi. Mimba hubana nafasi ya maji ya uti wa mgongo, kwa hiyo dawa ileile hupanda juu zaidi, na wengi siku hizi hawazidi mililita 2 hadi 2.5. Mimi sikujua kwamba mambo yamebadilika, kwa sababu katika semina zote nilizohudhuria hakuna hata moja iliyogusa kitu ninachokifanya karibu kila siku.

Dakika chache baadaye mama akasema vidole vya mikono vimekufa ganzi. Nikamwambia ni kawaida. Akataka kusema tena, sauti ikatoka kama ya mtu anayenong'ona. Nikamwambia akohoe, hakuweza. Mapigo ya moyo yakaanza kwenda taratibu, presha haisomeki.

Nilichokifanya baada ya hapo kilikuwa sahihi: oksijeni, kumpumulia kwa maski na mfuko, kusukuma tumbo upande wa kushoto ili mfuko wa uzazi usikandamize mishipa mikubwa, efedrini ya kupandisha presha, kisha adrenalini, maji yakimbie, mpira ndani. Mtoto alilia. Mama tulimtoa mpira alfajiri, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kwa nini koo linamuuma.

Kinachonirudia mpaka leo ni ile dakika ya mwanzo. Nilijua. Kichwani jina la tatizo, ganzi kupanda mno, lilikuwapo, kwa Kiingereza, kama lilivyo kwenye kitabu. Sista aliyekuwa akizunguka aliniona uso, akaniuliza, "Kaka, kuna shida?" Nikamjibu, "Hapana, subiri kidogo." Daktari aliyeshika kisu hakujua kitu, akaendelea kupiga stori na msaidizi wake. Nilikuwa na elimu yote ya jambo lile isipokuwa sentensi moja ya kuwaambia wenzangu.

Tunasoma kwa Kiingereza, tunafanya mitihani kwa Kiingereza, lakini dharura hututokea kwa Kiswahili, mbele ya mhudumu wa afya, mkunga na sista ambao hawakuwa darasani nasi. Ukirudi kutoka kwenye kozi yoyote, hata ile ya ghali kabisa, kaa chini ujiulize: hiki nilichojifunza nitakisemaje saa tisa usiku, nani atanisikia, na atakwenda kuchukua nini? Kama huna jibu, hiyo kozi bado iko hotelini ulikoiacha. Thietani kwetu sasa kuna karatasi imebandikwa juu ya mashine ya usingizi, ina sentensi nne tu. Moja inasema: "Ganzi imepanda, naanza kumpumulia, sista leta adrenalini." Nyingine: "Mpira hauingii, nimekwama, nipe bledi." Tulizitamka kwa sauti mara nyingi mpaka zikaacha kuchekesha. Neno "nimekwama" ndilo lililotusumbua, hasa sisi wa zamani. Kuna mwenzangu alikuwa anasema "mpira unaleta ubishi kidogo" huku koromeo la mbuzi liko mezani na kila mtu anaona ameshindwa.

Sasa kuhusu semina za hotelini. Sizikatazi. Pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma, ni lazima, Baraza la Uuguzi na Ukunga linazitaka ukihuisha leseni, na posho nayo ina kazi yake, tusidanganyane. Ila usihesabu kwamba umejifunza kwa sababu umesaini karatasi ya mahudhurio na kunywa chai ya saa nne na vitumbua. Kama unaweza kuchagua, chagua mafunzo yenye midoli na makundi madogo, ambako utaaibika kidogo. Nilibahatika kuingia mafunzo ya SAFE ya uzazi, ya kuwapa wajawazito usingizi kwa usalama, yale yaliyoanzia Uganda mwaka 2011 na baadaye yakazunguka nchi nyingi. Ni siku tatu tu, lakini unasimamishwa mbele ya mdoli, unaambiwa mama huyu anatoka damu, haya fanya. Niliua mdoli mara mbili siku ya kwanza. Huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza mtu akihoji mililita zangu tatu, miezi michache baada ya usiku ule. Nilitamani kuzama chini ya meza.

Hata mafunzo mazuri hivyo huyeyuka. Ujuzi wa kukandamiza kifua na kupumulia huanza kufifia ndani ya miezi michache usipourudia, ndiyo maana sisi tunarudia kila mwezi, dakika kumi na tano, kabla ya kesi ya kwanza. Mwezi huu koromeo, mwezi ujao moyo uliosimama, unaofuata mama anayetoka damu. Dakika kumi na tano daktari wa upasuaji anazivumilia. Nusu saa hazivumilii, tulijaribu.

Kitu cha pili kilichonisaidia ni kaunta buku ya shilingi chache. Kila baada ya zamu naandika kesi iliyonisumbua: nini kilitokea, nilifanya nini, na nini sikukijua. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo mtaala wangu. Sisomi nje yake, muda sina. Nikipata intaneti ya hospitali naingia kwenye mafunzo mafupi ya bure ya WFSA, shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi, napakua lile linalojibu swali langu tu, kisha nawasimulia wenzangu kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa Kiswahili. Ukishindwa kulisimulia kwa dakika tatu hujalielewa, rudi kasome.

Kwa mfano, niliandika mara nyingi kwamba presha za wajawazito zinashuka baada ya ganzi na efedrini inawapandisha mapigo kupita kiasi. Nikakuta kwamba tangu 2018 wataalamu wa kimataifa wanapendekeza dawa ya jamii ya fenilefrini iwe ya kwanza, ianze mapema bila kusubiri presha ishuke. Nikaenda kwa mfamasia nikiwa nimejiandaa kulalamika. Akafungua fomu za maombi, akanionyesha: hakuna mtu wa thieta aliyewahi kuiandika. Hatukuwa tumenyimwa, hatukuwa tumeomba. Mpaka naandika haya bado haijafika, lakini jina lake lipo kwenye fomu kila robo mwaka.

Jingine halikugharimu chochote. Mtoto wa miaka mitatu mwenye henia alikuwa hajagusa hata maji tangu saa mbili usiku, na saa sita mchana alikuwa bado analia wodini kwa sababu dharura mbili zilimpita foleni. Mama yake alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Niliandika kwenye buku: "Mtoto akae na njaa saa ngapi?" Jibu lilikuwa la zamani kweli, aibu yangu: chakula kiachwe saa sita kabla ya dawa, maziwa ya mama saa nne kabla, maji na chai ya rangi ruhusa hadi saa mbili kabla. Wazungu wa chama cha usingizi cha Ulaya mwaka 2022 wamekwenda mbali zaidi, wanaruhusu watoto maji hadi saa moja kabla. Sisi tumeanza na mbili, maana wodini kwetu "maji" huweza kuwa uji mwepesi.

Na kama una nafasi moja tu ya kuondoka kwa mwaka, usiipeleke kwenye semina. Omba wiki mbili thietani kwenye hospitali ya rufaa, uvae jezi, ushike maski. Mimi nilikwenda kuona watoto wachanga, nikarudi na kitu nisichokitarajia. Huko wana kifaa cha kusoma hewa chafu anayotoa mgonjwa, na nilimwona daktari bingwa akiutoa mpira aliouweka mwenyewe kwa sababu tu mawimbi hayakuonekana kwenye kioo, ingawa kidoleni oksijeni ilikuwa bado inasoma 98. Hakubishana na kioo. Sisi tunaotegemea kipimo cha kidole peke yake tunachelewa, maana mgonjwa aliyevutishwa oksijeni vizuri anaweza kubaki na namba nzuri kwa dakika kadhaa mpira ukiwa umeingia kwenye umio, njia ya chakula.

Tatizo la kweli ni ruhusa. Hospitali nyingi za wilaya zina watu wa usingizi wawili, nyingine mmoja. Ukiondoka, nani atalaza? Barua yangu ya kwanza ilikaa mezani kwa mganga mfawidhi wiki tatu, ikarudi na neno "haiwezekani", na kusema kweli alikuwa na haki. Ya pili niliambatanisha jina la mwenzangu wa wilaya ya jirani aliyekubali kunishikia zamu, na tarehe ambazo mimi nitamshikia zake. Ilipita siku ileile.

Mwezi ujao ni zamu yake kwenda, mimi nitalala kwao wiki mbili. Nimemwambia tutafanya zoezi la Ijumaa na timu yake. Ananiambia bucha la kwao wanachinja ng'ombe tu, na koromeo la ng'ombe ni kubwa mno, mpira namba 6 unapotelea humo. Nimemwambia nitakuja na langu.