Grendizer: kwa nini inapendwa Ufaransa na Uarabuni kuliko kwao Japani

Ni suala la nani alitangulia kufika. Japani, Grendizer, katuni ya roboti kubwa (1975–1977, vipindi 74), ilikuja baada ya Mazinger Z na Great Mazinger, katuni nyingine za maroboti, zote za mchoraji Go Nagai. Watoto walishashiba maroboti. Ufaransa ilionyeshwa mwaka 1978 kwa jina la Goldorak, Italia mwaka huohuo, na huko watoto hawakuwa wamezoea kitu cha namna hiyo kwenye runinga. Wakapagawa.

Uarabuni kuna la ziada: sauti ziliingizwa Lebanoni kwa Kiarabu fasaha, si cha mtaani, hivyo mtoto wa Kuwait na wa Beirut walielewa sawasawa. Wimbo wake wa ufunguzi, ulioimbwa na Mlebanoni Sammy Clark, ndio usiseme, watu wenye mvi bado wanauimba.

Ukitaka ushahidi kwamba aliyetangulia ndiye hupendwa, tazama Hispania. Wao walianza na Mazinger Z, 1978, na mpaka leo sanamu lake kubwa limesimama kule mkoa wa Tarragona.

Marekani ni kesi nyingine, Grendizer ilipita kwenye vituo vichache tu vya runinga.