Kabla ya kudarizi ua, hesabu nyasi

Nilikaa miezi mitatu nikidarizi uwanda wa maua pori kwenye kitani cha sentimita 60 kwa 40. Nyuzi za waridi pekee nilikuwa na rangi saba, za zambarau tano. Kijani nilinunua rangi mbili, tena kwa kulazimika, maana nilijiambia nyasi ni nyasi tu. Siku nilipoitundika kazi ile ukutani, rafiki yangu aliisogelea, akaitazama, akaniuliza shuka lile nimelitoa wapi. Hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana iliniuma.

Wiki iliyofuata nikaibeba hadi kwenye uwanda wenyewe, nikaitandika chini, nikakaa kando yake. Kilichokuwa mbele yangu na kilichokuwa kwenye kitambaa havikuwa na undugu wowote. Nikachukua fremu ya kudarizia, ile ya duara ya sentimita 20, ikiwa tupu, nikairusha bila kulenga na kuhesabu kilichoangukia ndani yake. Maua manne. Matatu yamefumbuka, moja limeshanyauka. Kilichobaki chote kilikuwa nyasi mbichi, nyasi kavu za rangi ya mchanga, vikonyo vyekundu ambavyo sikuwahi kuvitilia maanani, na kivuli kingi. Nikairusha mara tisa zaidi. Hakuna hata mara moja ambapo maua yalifika nusu ya duara.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi kudarizi maua, namwambia arushe fremu na ahesabu. Uwanda unatupendeza kwa sababu maua yake ni machache ndani ya kijani kingi. Ukiyajaza kila mahali, jicho linakosa pa kupumzika, na mwisho haligutushwi na lolote.

Kitu cha pili kinakaa mfukoni mwangu siku zote: kadi ya karatasi ngumu niliyoikata meno pembeni, kila jino limeviringishiwa uzi wa rangi yake na namba ya uzi imeandikwa chini. Rangi 36, na zaidi ya nusu ni kijani, udongo na kijivu (nimejifunza). Nikikuta ua, nasogeza kadi hadi uzi uguse petali, tena kivulini, kwa sababu jua kali hupausha kila kitu. Simu siiamini kwa kazi hii. Picha napiga ili nikumbuke umbo, lakini kamera hujirekebishia rangi yenyewe, na bluu inayoelekea zambarau ndiyo inayoteseka zaidi.

Kadi ilinipa faida ambayo sikuitarajia: inanilazimisha kuligeuza ua. Kuna ua la njano nililokuwa nalipita kila asubuhi. Siku moja nililigeuza, nikakuta mistari ya rangi ya kutu mgongoni mwa kila petali. Miaka yote hiyo nilikuwa nadarizi uso wake tu. Sasa katika kila kundi la maua nahakikisha mawili matatu yamenipa mgongo. Bila hayo, mengine yanakuwa kama watu waliopangwa kupigwa picha.

Maua ya jamii ya alizeti ndiyo yaliyobadilisha mkono wangu. Tunachokiita ua moja kumbe ni kichwa chenye maua madogo mengi. Zile tunazodhani ni petali za pembeni, kila moja ni ua linalojitegemea, na duara la katikati ni maua mengine yaliyobanana, yanayofumbuka kuanzia ukingoni kuelekea ndani. Zamani nilijaza katikati kwa mafundo yaliyolingana, yakatoka kama kifungo cha koti. Siku hizi uzi wa nyuzi sita naugawa. Ukingoni natumia nyuzi tatu, nazungushia sindano mara mbili, na fundo naliacha limelegea kidogo, rangi ya chavua. Nikiingia ndani nashuka hadi nyuzi mbili na mzunguko mmoja. Katikati kabisa ni uzi mmoja wa kijani, fundo limekazwa. Ukipitisha kidole unaihisi tofauti kabla hujaiona.

Bustani ina kitu ambacho pori la mbali halina: unarudi kesho, na kesho kutwa. Mary Delany, Mwingereza wa karne ya 18 aliyekuwa mdarizi hodari, alianza kutengeneza picha za maua kwa vipande vya karatasi mwaka 1772, akiwa na miaka 72. Hadi macho yalipomshinda alikuwa na karibu 1,000, na leo zimehifadhiwa British Museum, jumba la makumbusho la London. William Morris naye, mbunifu Mwingereza wa vitambaa, mchoro wake wa kitambaa wa 1883 uitwao Strawberry Thief haukuhitaji safari ndefu. Aliwaona ndege wakiiba stroberi bustanini kwake Kelmscott, Uingereza. Mimi nina pembe moja tu ambayo siipalilii. Magugu huchanua hata waridi likiwa limechoka, na vichwa vyake vikikauka sivikati, kwa kuwa mbegu zina maumbo ambayo ua halikuwahi kuwa nayo.

Kuhusu rangi itokanayo na maua yenyewe, hapo nina kesi ya kujibu. Niliwahi kugonga maua ya zambarau kwa nyundo juu ya kitambaa cha pamba, rangi ikatoka nzuri ya kuua mtu. Nikauza. Miezi minne baadaye mteja akanitumia picha: zambarau imekuwa rangi ya chai iliyopoa. Nyekundu, bluu na zambarau za petali nyingi hutokana na anthosianini, rangi asilia za mimea ambazo hugeuka zikikutana na asidi au sabuni, na mwanga huzimaliza. Njano nyingi za kutia kitambaani hutokana na flavonoidi, kundi jingine la rangi za mimea, na huvumilia zaidi, hasa kitambaa kikiloweshwa kwanza shabu, chumvi inayosaidia rangi kushika: gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu ya kondoo. Pamba na kitani ni wabishi. Huloweshwa tanini kwanza, ule ukakasi wa magome na majani ya chai. Mteja nilimrudishia pesa zake.

Safari nazipenda, ila zinasifiwa kupita kiasi. Safari yangu ya kwanza ya kutafuta mawazo nilirudi na picha 1,400, na hakuna hata moja iliyopata kuguswa na sindano. Sasa nabeba fremu ndogo, sindano mbili na kitambaa cha ukubwa wa leso, na kila jioni nadarizi kitu kimoja nilichokiona mchana, bila kutazama picha. Mara nyingi si ua. Ni rangi ya ukuta uliobanduka nyuma ya mmea mtambaa, au gugu lililoota katikati ya reli. Mimea mibichi na mbegu sivuki navyo mpaka. Nchi nyingi huzuia kwa hofu ya wadudu na magonjwa, na baadhi ya maua pori ni kosa hata kuyachuma. Kadi ya nyuzi haijawahi kunisimamisha popote.

Ile kazi ya kwanza nimeifumua. Nyuzi za waridi peke yake zilichukua wiki mbili, kwa mkasi mdogo na kibano, usiku. Matundu ya sindano yamebaki kwenye kitani, na kila nikijaribu kuyafuta kwa ukucha hayaishi. Nimeyaacha. Kwa mbali yanafanana na nyasi zilizokanyagwa.